Kurasa tisa zetu ziliishia sentensi moja Geneva. Wa Kanda ya Ziwa, safari hii tujipange mapema

#1 Ngalawa Kuukuu (mleta uzi)

Mwadila wakuu.

Kuna jambo nimelibeba tangu 2021. Leo mvua imenifungia ndani hapa Nyakato, nikaona nilitue.

Mwaka ule ilikuwa zamu ya Tanzania kwenye UPR. Kwa asiyeijua: ni utaratibu wa Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa ambapo kila nchi, zote 193, inaketi Geneva na kuulizwa na nchi wenzake kuhusu haki za binadamu kwake. Sisi tumeketi mara tatu: Oktoba 2011, Mei 2016 na tarehe 5 Novemba 2021. Mzunguko wa nne wa dunia nzima ulianza Novemba 2022, kwa hiyo zamu inaturudia. Ndiyo sababu ya uzi huu.

Mimi na wenzangu wawili tulikuwa na kikundi kidogo hapa Mwanza. Ofisi yetu ilikuwa chumba cha duka la shemeji. Tulivuka na kivuko, tukapanda bodaboda, tukazunguka vijiji vya ng'ambo tukiandika habari za bibi zetu wanaouawa au kufukuzwa kwa tuhuma za uchawi. Mnazijua. Bibi kapikia kinyesi cha ng'ombe na kuni mbichi maisha yake yote, macho yamekuwa mekundu. Mtoto wa jirani anaugua, mpiga ramli anasema mwenye macho mekundu ndiye. Yakishatokea ya kutokea, ukirudi baada ya miezi miwili unakuta shamba la bibi limeshagawanywa, na waliogawana ndio walikuwa mbele kwenda kupiga ramli.

Tulijaza kaunta buku mbili. Kuna bibi tulimkuta Igoma kwa binti yake, alikuwa kakimbia usiku. Kwenye pindo la khanga kafunga ufunguo. Nyumba yenyewe ilishachomwa, mlango haupo, ukuta umebaki nusu. Nikamuuliza, bibi, huu ufunguo ni wa nini sasa? Akaniangalia kama mtu aliyeuliza swali la kitoto, akasema, "Pale ni kwangu."

Tukaandika kurasa tisa. Tukazikabidhi kwa shirika moja la mjini lililokuwa linakusanya michango ya ripoti ya pamoja, tena kwa furaha, maana sisi hatukuwa na wa kutuandikia Kiingereza cha kule. Ripoti ilipotoka nikaisoma kwenye simu nimesimama stendi. Nikatafuta macho, hakuna. Nikatafuta shamba, hakuna. Ramli, hakuna. Kurasa tisa zilikuwa zimegeuka sentensi moja inayosema wazee, hususan wanawake wa vijijini, wanaendelea kukabiliwa na vitendo vya ukatili.

Sentensi ya kweli kabisa. Na haina kazi yoyote.

Nilinuna karibu miaka miwili. Baadaye nikajifunza mtambo wenyewe unavyokwenda, hasira ikahama kwa lile shirika ikaja nusu yake kwangu mwenyewe. Nitaeleza nikirudi, umeme unayumba.

#2 Sato Choma

Ngoja waje wenye mambo yao. Nimeweka kigoda.

#3 Mchuuzi wa Mwaloni

Mleta uzi umenigusa pabaya. Mimi niko Kirumba Mwaloni mwaka wa kumi na nne huu, nauza dagaa. Watu wa haki za binadamu nawajua kwa viatu. Wanakuja saa nne jua likiwa zuri la picha, wanasimama pale kwenye vichanja, wanaandika jina langu, nasaini karatasi. Kisha wanakwenda kwenye warsha Capri Point, sisi tunabaki na majina yetu kwenye karatasi zao. Sijawahi hata siku moja kuona mtu karudi kuniambia, mama, yale uliyosema yalifika hapa na hapa, jibu lilikuwa hili.

Hiyo UPR ndiyo nini kama si posho?

#4 Mzalendo Halisi 1961

Mama umemaliza. Niongeze tu kwamba hawa wanaokwenda Geneva kuichongea nchi kwa mabeberu ni wa kuangaliwa. Nguo chafu zinafuliwa nyumbani. Marekani wenyewe 2025 zamu yao ilipofika hawakutokea. Sisi nani ametulazimisha?

#5 Ngalawa Kuukuu (mleta uzi)

Umeme umerudi. Naanza na Mzalendo kwa sababu lake ni jepesi.

Mkuu, anayekwenda Geneva wa kwanza kabisa ni serikali. Inaandika ripoti yake hadi maneno 10,700, inatuma ujumbe, inapewa dakika 70 za kujieleza. Na Tanzania nayo huwapa wenzake mapendekezo, si kwamba inakaa kwenye kiti cha mshitakiwa maisha yake yote. Ni kama baraza la wazee la ukoo: leo unaulizwa wewe mbona hujalipa ada ya mtoto, kesho unamuuliza mwenzako. Kuhusu Marekani ni kweli hawakutokea. Israel nao Januari 2013 walikosa, wakaja Oktoba mwaka uleule. Tanzania imehudhuria zote tatu. Kwa hili mimi ndiye ninayejivunia nchi yangu, wewe unaitakia tabia za watoro.

Lakini kuna kitu hukukisema ambacho kingekusaidia: marafiki hubebana. Utasikia nchi imesimama, imepongeza mwanzo hadi mwisho, halafu pendekezo lake ni "endeleeni na juhudi". Hilo linakubaliwa siku hiyohiyo, linahesabiwa, na halimtoi mtu jasho.

Sasa mtambo wenyewe. Serikali ina ripoti yake. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa inatengeneza ya pili, ya mambo yaliyoandikwa na vyombo vya Umoja huohuo. Ya tatu ndiyo yetu, asasi na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Shirika likiandika peke yake lina maneno 2,815. Yakiungana ni 5,630. Basi. Ukizidisha, mfumo unakurudishia.

Pigeni hesabu. Ripoti ya pamoja yenye mada 15 inaiachia kila mada maneno 375 hivi. Post yangu ya kwanza hapo juu inakaribia hapo. Halafu ripoti ZOTE za asasi, ziwe kumi ziwe hamsini, zinakamuliwa tena na watu wa Geneva kuwa waraka mmoja wa kurasa kumi hivi. Kwa hiyo bibi wa Igoma alikuwa achekechwe mara mbili hata kama lile shirika lingempenda kama mama yake.

Bado. Kikao ni saa tatu na nusu. Toa zile dakika 70 za serikali, zinabaki 140 za nchi zote nyingine. Zikijiandikisha nchi 100, kila balozi ana dakika moja na sekunde 24. Humo asalimie, apongeze, atoe mapendekezo yake mawili matatu, akae. Sasa niambieni, kurasa tisa zangu zingeingilia wapi? Kule kinachohitajika ni sentensi ambayo mtu asiyewahi kuona ziwa hili anaweza kuisoma kwa sekunde ishirini na ikaeleweka nani afanye nini. Mimi nilipeleka gunia zima la mpunga kwa mtu aliyeomba wali.

Mama wa Mwaloni, la kwako ni zito, nalirudia usiku.

#6 Nyanza Boy

2,815? Kwa nini isiwe 3,000 tu, hawa watu wana mambo.

#7 Wakili wa Mabatini

Nyanza Boy, zamani kipimo kilikuwa kurasa tano, wakageuza kuwa maneno. 5,630 ni hiyohiyo mara mbili.

Mleta uzi, hoja yako naiunga mkono, ila hujafika kwenye mfupa. Kwenye suala la bibi zetu mfupa ni sheria. Sheria ya Uchawi ni ya 1928, ya mkoloni, na bado iko vitabuni, Sura ya 18. Inafanya uchawi wenyewe kuwa kosa la jinai, yaani dola inakubali kwa maandishi kwamba mchawi yupo. Na inampa Mkuu wa Wilaya mamlaka ya kumwamuru anayetuhumiwa ahamie mahali pengine. Mnaona ilivyokaa? Kijiji kinamsakama bibi, na sheria inasema anayehama ni bibi.

Kwa hiyo ile "serikali iimarishe ulinzi wa wazee" ni maji matupu. Serikali itasema imekubali, na miaka minne baadaye itaandika tuliadhimisha Siku ya Wazee. Ningeandika mimi ingekuwa hivi: irekebishe Sheria ya Uchawi kuondoa mamlaka ya kumhamisha mtuhumiwa, ichunguze kila mauaji yanayohusishwa na tuhuma za uchawi na kuwafikisha wahusika mahakamani, wakiwemo waliopiga ramli, itoe takwimu kila mwaka kwa mkoa. Hapo hakuna pa kujificha. Ama umefuta kifungu ama hujafuta.

#8 Mzalendo Halisi 1961

Serikali ilishapiga marufuku ramli chonganishi 2015. Mnataka nini tena.

#9 Wakili wa Mabatini

Ni kweli, Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino kuitia nchi aibu. Ndiyo hoja yangu ilipo. Suala la ualbino kanda hii lilisemwa Geneva kwa majina, mikoa na tarehe. Umoja wa Mataifa ukaunda nafasi ya mtaalamu huru wa suala hilo 2015, na wa kwanza, Ikponwosa Ero kutoka Nigeria, alikuja Tanzania Julai 2017 kuangalia mwenyewe. Waliolibeba walikuwa wanahesabu: huyu, siku hii, kijiji hiki, kesi imefika hapa. Bibi zetu wameuawa kwa miaka mingi kuliko hiyo lakini nani amewahesabu hivyo? Tunawataja kwa wingi tu, "vikongwe", kama mifugo.

#10 Sato Choma

Hiyo ya mwisho imeniuma. Bibi mzaa mama alihamia kwetu Buswelu 2009, tukaambiwa amekuja kutibiwa macho. Mpaka leo hakuna aliyetuambia zaidi. Hakurudi tena, hata msibani kwa kaka yake hakwenda.

#11 Ngalawa Kuukuu (mleta uzi)

Pole sana Sato. Kama yupo hai mpe shikamoo zetu.

#12 Sato Choma

Alitangulia 2016. Wabeja.

#13 Nyanza Boy

Kwa nini msiende Mahakama ya Afrika ya haki za binadamu? Iko Arusha hapo, basi la asubuhi tu. Geneva ya nini.

#14 Wakili wa Mabatini

Basi lipo, mlango ndio haupo. Tanzania iliruhusu watu binafsi na asasi kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ile mwaka 2010, ikaondoa tamko hilo Novemba 2019, likakoma kufanya kazi baada ya mwaka. Mahakama imebaki kwetu, sisi tunapita nje. Kuna Tume ya Afrika, Banjul, hiyo bado unaweza kuipelekea malalamiko na ripoti. Na kuna Kamati ya Afrika ya wataalamu wa haki za mtoto, ndiyo iliyotoa uamuzi 2022 kuhusu wasichana waliofukuzwa shule kwa ujauzito. Watu wasitegee mshipi mmoja.

#15 Ngalawa Kuukuu (mleta uzi)

Umenikumbusha jambo. Suala la mabinti wenye mimba lilikuwa miongoni mwa yaliyosemwa sana kikao cha 5 Novemba 2021. Tarehe 24 Novemba, siku 19 baadaye, serikali ikatangaza wanaruhusiwa kurudi shule kwenye mfumo rasmi. Sisemi Geneva ndiyo ilifanya. Watu walipigia kelele suala lile miaka mingi, kesi zilifunguliwa, wafadhili wa elimu walibana, uongozi wa nchi ulikuwa umebadilika. Ila lilisemwa na wengi, kwa maneno yaleyale, likiwa na kitu kimoja cha kufanya: ondoa katazo. Linganisha na "wazee wanakabiliwa na ukatili".

Sasa mama wa Mwaloni. Uliuliza UPR ndiyo nini kama si posho. Nitakujibu kwa kujishitaki.

Kikao kile nchi zilitupa mapendekezo 252. Serikali ikapeleka majibu, na Machi 2022 yakapitishwa rasmi na Baraza. Kule hakuna neno "tumekataa". Kuna yaliyokubaliwa na kuna "yaliyozingatiwa". Unajua pale sokoni mteja anapashika dagaa, anaonja, anauliza bei, halafu anasema haya nimekusikia, nitapita baadaye? Ndiyo "yaliyozingatiwa".

Lakini mengi yalikubaliwa. Na yakikubaliwa ni deni. Mwaka 2023 nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri moja, siitaji, nikamuuliza dada wa pale, mtu mwema kabisa, kama ana orodha ya yale yaliyokubaliwa yanayohusu wazee. Akanitazama. Hajawahi kuiona. Hajawahi kusikia kama ipo. Nikamuuliza kamati ya MTAKUWWA ya kata, ile ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, je? Akacheka, akasema kamati ina wajumbe, haina nauli. Nikamtolea nakala kwa simu yangu, akaomba nimwachie. Alipiga mstari chini ya mambo matatu kwa kalamu nyekundu, akasema hili naweza kuliombea bajeti kama kuna mahali pameandikwa tulikubali.

Yaani karatasi ya Geneva ilikuwa na kazi kwake. Na aliyekuwa na nauli ya daladala ya kuipeleka nilikuwa mimi, nimekaa nimenuna miezi yote hiyo. Nilidhani kazi iliisha siku ile niliyobonyeza kutuma. Na wewe mama sikurudi kwako, kama ulivyosema. Labda siyo wewe niliyekuandika jina, lakini nimeandika majina pale Mwaloni.

#16 Mchuuzi wa Mwaloni

Haya. Angalau umesema.

Mimi bado siamini sana, ila nakuuliza kama mtu mzima. Nikikupa habari leo, safari hii nitajuaje imekwenda wapi?

#17 Ngalawa Kuukuu (mleta uzi)

Swali halali. Tunavyokusudia ni hivi, na mnitoe makosa.

Hatujiungi na ripoti ya mada kumi na tano. Tunaandika ya kwetu, 2,815, mada moja tu: mauaji na kufukuzwa kwa wazee kwa tuhuma za uchawi Kanda ya Ziwa. Itapitia mtandao wao, haihitaji shirika liwe na hadhi maalumu Umoja wa Mataifa. Hadhi inatakiwa ukitaka kusema ndani ya Baraza siku ya kupitisha, na pale ni dakika mbili kwa asasi, kumi tu zinapata nafasi. Hatugombanii hiyo.

Ripoti inadaiwa miezi mingi kabla ya kikao, ndipo wengi wanapokosea, wanaamka wakati wajumbe wanapanda ndege. Kiswahili hakipokelewi, hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwa hiyo Wakili atasimamia tafsiri ili mtu asije akageuza ufunguo wa bibi kuwa "changamoto za makazi".

Ikishatumwa, tunatengeneza karatasi ya ukurasa mmoja, mapendekezo matatu yale ya Wakili, tunazipelekea balozi Dar es Salaam. Siyo zote. Unatafuta nchi ambazo 2021 zilisema chochote kuhusu wazee, wanawake au imani za uchawi, maana wana hamu ya kujua pendekezo lao lilifika wapi. Shirika la UPR Info huandaa vikao vya awali Geneva asasi zikutane na mabalozi. Tukipata nafasi sawa, tusipopata karatasi itakwenda kwa barua pepe.

Na serikali nayo tunaipa nakala. Mzalendo, soma hapo mara mbili. Wizara ya Katiba na Sheria ndiyo inayoratibu ripoti ya nchi na huwa inaita asasi. Sina la kuficha. Ningefurahi wakaandika wenyewe kwenye ripoti yao kwamba sheria ya 1928 itarekebishwa, sisi tukakosa la kusema.

Kuhusu wewe kujua: kila aliyetupa habari anapewa namba kwenye daftari, siyo jina. Ripoti ikitoka tunarudi na nakala ya Kiswahili, tunamwonyesha namba yake imeingia aya ya ngapi, au haikuingia na kwa nini. Majina hayaendi Geneva. Ripoti hizi zinawekwa hadharani mtandaoni, na kijijini mtu anaweza kupata tabu kwa aya moja.

#18 Mzalendo Halisi 1961

Nakala kwa wizara hapo umenyoosha. Bado nawaangalia.

#19 Nyanza Boy

Mzalendo amelainika, piga picha jamani.

#20 Binti Kayenze

Samahani kwa kuingia mwishoni, nimekuwa nasoma tu. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, sitasema kijiji. Nina daftari langu, siyo la haki za binadamu, ni la kufuatilia wajawazito na watoto, lakini nyuma nimekuwa naandika mengine. Nina bibi watatu tangu mwaka juzi. Wawili wamehama, mmoja alikatwa mapanga, alikufa njiani kwenda hospitali. Nina tarehe zote. Yule aliyekufa nilikuwa na namba ya RB, ile ya taarifa iliyoandikishwa polisi, nimeiandika kwa kalamu ya kawaida, mtumbwi ukatulowesha, imebaki tarakimu mbili za mwanzo. Bado inafaa?

#21 Wakili wa Mabatini

Dada yangu, inafaa mno. Daftari lililoandikwa siku zilezile ni bora kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote. Usilikopi upya, usilisafishe, usikaze herufi zilizofutika. Piga picha kila ukurasa kama ulivyo, pamoja na doa la maji.

Namba ya RB usiende kuifuata peke yako. Ndugu wa marehemu ndiye mwenye haki ya kuuliza kesi imefikia wapi, aende na mtendaji au mtu mzima wa familia. Ana mtoto?

#22 Binti Kayenze

Ana binti, anauza mihogo senta. Tunaongea. Alishawahi kuniuliza kama nilimwandika mama yake.

#23 Ngalawa Kuukuu (mleta uzi)

Ulimjibuje?

#24 Binti Kayenze

Nilimwonyesha. Hajui kusoma, lakini alitaka kujua mstari ni upi, akaweka kidole hapo.